Kwa Nini Jiko la Makaa Linakuua Usingizini na Mwili Haukuamshi

Fanya hivi kabla uendelee kusoma. Vuta hewa, ziba pua, funga mdomo, kisha uhesabu. Ishirini uko sawa. Arobaini kifua kinaanza kugombana na wewe. Sitini tumbo linarukaruka lenyewe, na muda si muda umeachilia, ukavuta pumzi kwa pupa kama mtu aliyetolewa kisimani. Sasa niambie, ni nini kimekulazimisha?

Karibu kila mtu ninayemuuliza hunijibu: oksijeni imeisha. Haijaisha. Ungekuwa umebana kidole kwa kile kidude cha hospitali cha kupima oksijeni, kingekuonyesha kwamba damu yako bado imejaa, karibu sawa na ulivyoanza. Kilichokusukuma ni kitu kingine kabisa. Na kama unaishi kwa chumba kimoja, iwe ni Nairobi, Limuru, Nyahururu ama Eldoret, na Julai ikifika huwa unaingiza jiko ndani ili nyumba ishike joto, hicho kitu kingine ndicho kinaamua kama kesho utaamka.

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti tunasoma habari ile ile. Watu wamelala na jiko, asubuhi simu hazishikwi, majirani wanavunja mlango. Hakuna dalili ya vurugu. Mtu yuko kitandani amejifunika blanketi vizuri. Na pale nje ya ploti kila mara kuna mtu wa kuuliza: lakini kwa nini hawakuamka? Si wangeskia wanakosa hewa?

Hilo ni swali zuri sana, na jibu lake liko ndani ya kifua chako. Mimi si daktari, na chuo nilikiacha kabla hakijaniacha, kwa hivyo sina cheti cha kukutisha nacho. Lakini hii stori haihitaji cheti. Inahitaji tu uifuate hewa pole pole, kutoka puani hadi kwa damu.

Hewa inapitia wapi

Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kuvuta kitu. Ni kama sponji mbili zimekaa tu kifuani. Kazi inafanywa na kiwambo, msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, kati ya kifua na tumbo. Ndio huo unaoruka ukishikwa na kwikwi. Kiwambo kikijikaza kinashuka, mbavu zinainuka, kifua kinapanuka, na mapafu yanapanuka nacho. Hewa ya nje inaingia yenyewe kwa sababu ndani kumepatikana nafasi. Kiwambo kikilegea, kila kitu kinarudi na hewa inatoka. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara anaingiza nusu lita hivi. Kwa siku nzima hizo ni pumzi kama 20,000, na nyingi hukuzipangia.

Hewa ikiingia puani inapashwa moto, inatiwa unyevu na kuchujwa. Vinyweleo na kamasi vinakamata vumbi. Umewahi kushinda tauni siku nzima, ukarudi jioni, ukapenga kamasi ukaona nyeusi? Usishtuke, hiyo ni pua ikikuonyesha kazi yake ya siku. Chini ya koo kuna bomba la hewa lenye pete za gegedu zinazolizuia lisijikunje, na ndani yake limepakwa ute na vijinywele vidogo mno vinavyofagia takataka kuzirudisha juu mpaka uzikohoe ama uzimeze. Moshi wa sigara huvilemaza hivyo vijinywele, ndiyo maana mvutaji hukohoa sana asubuhi.

Kumbuka lakini: huo ulinzi wote ni wa vitu vyenye chembe. Vumbi, masizi, vijidudu. Gesi isiyo na harufu wala rangi inapita hapo kama mwenye nyumba.

Bomba linagawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, kwa sababu upande huo moyo nao unataka mahali pa kukaa. Halafu mirija inaendelea kugawanyika, tena na tena, mara 20 na zaidi, hadi inaishia kwa vifuko vidogo vya hewa. Viko zaidi ya milioni 300. Ukivipasua vyote na kuvitandaza chini, vitafunika eneo la kama mita 70 za mraba. Kwa lugha ya mtaani, hizo ni zaidi ya nyumba saba za futi 10 kwa 10, zote zimekunjwa ndani ya kifua kimoja. Na kuta za hivyo vifuko ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana.

Upande wa pili wa ukuta kuna mishipa ya damu, nayo midogo hivyo hivyo. Hapo ndipo biashara inafanyika. Oksijeni inavuka kuingia kwa damu, kaboni dayoksaidi, ile hewa chafu ambayo mwili umetengeneza, inavuka kutoka. Hewa uliyovuta ilikuwa na oksijeni asilimia 21. Ile unayotoa bado iko na asilimia 16 hivi. Ndio, unarudisha sehemu kubwa. Ndiyo maana unaweza kumpulizia mtu aliyezama hewa yako mwenyewe na ikamsaidia.

Ndani ya damu oksijeni haitembei kwa miguu. Inabebwa na hemoglobini, ile kitu inayofanya damu iwe nyekundu, iliyojaa ndani ya seli nyekundu. Chukulia ni matatu yenye viti vinne. Inapakia kwenye mapafu, inashusha kwenye ubongo, moyo, misuli, kisha inarudi stejini. Karibu oksijeni yote ya damu imekalia hivyo viti. Kiasi kidogo tu ndicho kinachoelea nje ya matatu, kimeyeyuka kwa maji ya damu kama sukari kwa chai. Huyu mdogo anayeelea nitamrudia, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa uongo kwenye kesi yetu.

Kengele inasikiliza nini

Sasa turudi kwa ile pumzi uliyoifunga. Kengele ya kupumua iko kwenye shina la ubongo, nyuma ya shingo juu kidogo. Kengele hiyo inasikiliza zaidi kaboni dayoksaidi. Ukifunga pumzi, hewa hiyo chafu haina pa kutokea, inajaa kwa damu, damu inaelekea kuwa na asidi, na ubongo unapiga kelele: pumua! Hayo maumivu na ile hofu uliyoskia ilikuwa ni uchafu umejaa.

Walioonyesha jambo hili vizuri ni mwanasayansi wa Uskoti anayeitwa John Scott Haldane na mwenzake Priestley, mwaka wa 1905. Waliona kwamba kaboni dayoksaidi ikipanda kidogo tu mapafuni, mtu anaanza kupumua kwa nguvu mara moja, lakini oksijeni inaweza kushuka sana kabla mtu hajajali.

Vijana wanaopenda kushindana kukaa chini ya maji, hii inawahusu pia. Kuna ile ujanja ya kupumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kupiga mbizi. Inakufanya ukae chini zaidi, kweli. Lakini haikuongezei oksijeni ya maana. Inachofanya ni kutoa kaboni dayoksaidi nyingi, yaani umeondoa betri kwa kengele. Oksijeni inaisha kengele ikiwa kimya, unazimia ndani ya maji bila hata kuskia haja ya kupumua. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo, kwenye madimbwi ya hoteli maji yakifika kifuani.

Kuna mlinzi wa pili, huyu anakaa shingoni kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani. Yeye ndiye anayepima oksijeni. Ukipanda Iten, mita 2,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, huyu ndiye anakufanya uhemeheme ukipanda ngazi siku ya kwanza. Kwa hivyo mwili haujalala kabisa upande wa oksijeni. Tatizo ni moja: huyu mlinzi hahesabu abiria walio ndani ya matatu. Anaangalia tu yule mdogo anayeelea nje.

Makaa mekundu yasiyo na moshi

Makaa ni kaboni karibu tupu. Kaboni ikiungua penye hewa tele, inashika oksijeni mbili, inakuwa kaboni dayoksaidi, ile tuliyoizungumzia. Penye hewa kidogo, kwa mfano katikati ya lundo la makaa, ama ndani ya chumba ambacho kila mwanya umezibwa na gazeti ili baridi isiingie, inashika oksijeni moja tu. Hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, haikohozi.

Hapa ndipo ploti nzima huwa inadanganyana. Utaskia mtu akisema: mimi huacha jiko nje mpaka moshi uishe, makaa yakishakuwa mekundu tu ndiyo naingiza. Moshi ulioisha ulikuwa ni wa vijiti, karatasi na unyevu wa makaa. Ulikuwa unachoma macho, yaani ulikuwa unakuonya. Sumu yenyewe inaendelea kutoka kwa yale makaa mekundu mazuri, na hata yakishafunikwa na jivu ukidhani yamezima. Jiko lisilo na moshi limeondoa onyo pekee ulilokuwa nalo.

Mwingine atakuambia aweke sufuria ya maji juu ya jiko, eti maji yanavuta sumu. Gesi hii haiyeyuki kwa maji kwa kiasi cha kukusaidia. Utaamka na maji moto, ukiamka.

Tuifanyie hesabu, sitakaa sana. Chumba cha futi 10 kwa 10, dari futi 8, kina hewa kama lita 22,000. Kaboni monoksaidi inashika kile kiti cha hemoglobini kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara 200 na zaidi. Kwa hivyo haihitaji kuwa nyingi. Ikifika sehemu moja tu kati ya 1,000 ya hewa ya chumba, na ukikaa humo saa kadhaa, karibu nusu ya viti vyote vya damu yako vitakuwa vimekaliwa na sumu. Watu hufa hapo. Na ya kujaza chumba hicho kwa kiwango hicho inatosha kutoka kwa kaboni ya gramu 10 hivi, yaani kipande cha makaa cha ukubwa wa kiberiti. Ni kweli si kaboni yote ya jiko hugeuka kuwa sumu, na nyumba nyingi zinavuja hewa mahali. Lakini jiko lako lina vipande vingapi?

Na si kukalia viti tu. Huyu abiria akishapanda, hata oksijeni iliyobahatika kupata kiti inang'ang'ania, haishuki vizuri ikifika kwa ubongo. Yaani matatu imejaa, inazunguka mjini, na hakuna anayeshuka.

Sasa weka hizo stori mbili pamoja. Umelala. Kiwambo kinapanda na kushuka kama kawaida. Kaboni dayoksaidi unaitoa bila shida, kwa hivyo kengele ya ubongo iko kimya. Ile ya jiko ikiongezeka kidogo chumbani, inakufanya tu uvute pumzi ndefu kidogo, yaani uvute sumu zaidi. Yule mlinzi wa shingoni anaangalia oksijeni inayoelea nje ya matatu, anaikuta iko sawa kabisa, anaandika kwa kitabu: hali shwari. Ubongo unakosa hewa huku walinzi wote wawili wakisema hakuna neno. Hakuna kukabwa, hakuna kuhema, hakuna ndoto mbaya ya kukuamsha. Kuna usingizi unaozidi kuwa mzito.

Na hata ukiamka, mara nyingi miguu inakataa. Kichwa kinauma, unaskia kizunguzungu na kichefuchefu, akili haishikani. Watu wameanguka kati ya kitanda na mlango wakijaribu kutoka. Haldane huyo huyo alijua, kwa sababu miaka ya 1890 alikuwa akijivutisha gesi hii mwenyewe kwenye maabara na kuandika alivyoskia (usijaribu, tafadhali, yeye alikuwa na wasaidizi). Mwaka wa 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown kule Wales ulilipuka, akaenda kuchunguza miili, akakuta wengi hawakuuawa na mlipuko. Waliuawa na kaboni monoksaidi iliyofuata. Ushauri wake ulikuwa wachimbaji washuke na wanyama wadogo, na kwa miaka mingi walibeba kanari ndani ya vizimba. Ndege mdogo anapumua haraka mno, kwa hivyo sumu inamwangusha kabla ya binadamu. Waingereza waliacha kutumia kanari migodini 1986.

Wewe huna kanari. Vipo vifaa vya kengele vya kaboni monoksaidi, na ukiwa na pesa nunua, lakini hakikisha si vile vya kugundua moshi, ni tofauti. Kwa wengi wetu ambao hata tokeni za stima tunanunua za shilingi hamsini, dawa ni moja: jiko lilale nje. Sijasema ufungue dirisha kidogo. Dirisha kidogo ni la kupikia, ukiwa macho na mlango wazi. Kulala nalo, hapana. Najua baridi ya Julai na ukuta wa mabati, na najua kuna landilodi amejenga vyumba kumi vyenye dirisha moja la kiganja, ambaye angefaa kuulizwa maswali mengi kuliko mpangaji. Lakini chupa ya plastiki ngumu yenye maji moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa soksi, ukiiweka miguuni inakubeba mpaka usiku wa manane. Soksi mbili, kofia, na kadibodi chini ya godoro zinafanya kazi ambayo jiko hufanya, na hazikuui.

Mambo mengine mawili nitayapitia haraka. Shisha: serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, na bado mnajua inapatikana wapi. Yale makaa juu ya bakuli ni makaa, na yanatoa gesi ile ile moja kwa moja kwa mdomo wako. Mtu akizimika kwenye kikao cha shisha msimcheke kwamba hajazoea. Mtoeni nje. Ya pili ni jenereta, na gari linalonguruma ndani ya gereji ama na vioo vimefungwa. Ni gesi moja hiyo hiyo.

Dalili zinadanganya sana, kwa sababu zinafanana na homa, malaria ama hangova. Cha kukushtua ni hiki: kama wote ndani ya nyumba mnaumwa kichwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo si malaria. Mwenye mimba awe makini zaidi, mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama, hata mama akionekana yuko sawa.

Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na madirisha yote na umburute nje kwanza. Usikae humo kumpepea, utakuwa wa pili. Kama hapumui na unajua kumkandamiza kifua, anza, mwenzako apige 999 ama 112. Maziwa wacha. Najua kila ploti ina shosho wa kuleta maziwa, na nia yake ni njema, lakini sumu hii haiko tumboni, iko kwa damu, na mtu asiye na fahamu ukimnywesha atapaliwa.

Dawa yake ni oksijeni. Ukipumua hewa ya kawaida, mwili huchukua saa nne ama tano kutoa nusu tu ya sumu. Ukiwekewa barakoa ya oksijeni safi, saa hizo zinashuka hadi kama saa moja na nusu. Ndiyo maana kwenda hospitali ni lazima, hata kama amefungua macho na anasema yuko poa. Wengine huonekana wamepona, halafu siku kadhaa ama wiki kadhaa baadaye wanaanza kusahau vitu na kubadilika tabia.

Na ukifika hapo mapokezi, kuna jambo moja usiliache. Kile kidude cha kubana kidole, mara nyingi hakijui kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Zote zinakionekania nyekundu. Mgonjwa anaweza kuwa anakufa na kioo kinaandika 98. Kwa hivyo mwambie nesi mapema kwamba alilala na jiko, hata kabla hujaulizwa jina la mgonjwa.